Kesi ya deni Gisenyi: wito unapotangulia ombi la ufilisi

RUBAVU – Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, magharibi mwa Rwanda, wito wa kesi ya deni siku hizi huweza kuingia kwa simu. Mahakama za Rwanda huendesha mashauri yake kwa mfumo wa kompyuta, na mfanyabiashara anaweza kusoma kwamba ameshitakiwa akiwa bado kwenye foleni ya Petite Barrière, akisubiri kuvuka kwenda Goma kudai fedha zake mwenyewe.

Mara nyingi habari hiyo haimshangazi. Anajua kuwa hana uwezo wa kulipa, na huenda ameshamwona wakili kuhusu kuomba ufilisi. Hapo ndipo linapozaliwa wazo moja la kishawishi: ikiwa madeni yote yatapelekwa mbele ya jaji mwezi ujao, kwa nini kuhangaika na kesi ya mdai mmoja mwezi huu?

Kwa juu juu wazo hilo lina mantiki. Lakini ndilo linaloweza kumgharimu mtu duka, ghala na hata nyumba, kwa sababu siku zilizo kati ya wito na ombi la ufilisi si siku za mapumziko. Ndizo siku ambazo mdai mwenye haraka hujipatia chake, na ndizo ambazo msimamizi wa ufilisi atakuja kuzichunguza kuliko nyingine zote.

Mpaka uliozalisha madeni

Biashara kati ya Gisenyi na Goma imeendeshwa kwa muda mrefu kwa kuaminiana. Miji hiyo miwili imegusana kabisa. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliasisiwa hapo hapo Gisenyi Septemba 20, 1976, kwa matarajio kwamba Rwanda, Burundi na iliyokuwa Zaire zingefanya biashara kama majirani. Kabla ya janga la korona makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kila siku, wengi wao kwa miguu, na nyanya, viazi, kabichi, unga na maziwa vikivuka pamoja nao.

Kisha pigo likafuata pigo. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Ulipoanza kulegezwa, wafanyabiashara wadogo walitakiwa kujipanga katika vikundi, mizigo ya wengi ikipelekwa na wachache. Bidhaa zilivuka, mwenye bidhaa hakuvuka. Fedha zikawa zinarudi kwa simu, kwa awamu, na wakati mwingine hazikurudi. Daftari la madeni la wauzaji wengi wa Gisenyi lilinenepa katika kipindi hicho.

Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na mitetemeko ya ardhi iliyofuata ikabomoa nyumba upande wa Rubavu pia. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwa risasi hapo Petite Barrière, Kongo ilianza kufunga mpaka saa tisa alasiri, na mfanyabiashara aliyezoea kukusanya fedha zake jioni akapoteza saa zake bora. Januari 27, 2025 mapigano ya Goma yalifika Rubavu kwa makombora yaliyoua raia, waasi wa M23 wakauteka mji wa Goma, na benki za mji huo zikafunga milango. Katika miezi iliyofuata wakazi wa Goma walilazimika kuvuka kuja Gisenyi kutafuta fedha taslimu.

Matokeo yake ni kwamba muuzaji wa jumla wa Gisenyi hujikuta anadaiwa kwa faranga Kigali huku akidai kwa dola Goma. Mahakama inayomsubiri yeye inafanya kazi. Ile ambayo angeitegemea kumbana mdaiwa wake haina uhakika. Ripoti ya Doing Business ya Benki ya Dunia ya mwaka 2020, iliyokuwa ya mwisho kabla ya mradi huo kusitishwa mwaka 2021, ilikadiria kuwa kesi ya mkataba wa biashara nchini Rwanda huchukua siku 230 hadi hukumu kutekelezwa, na siku 610 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hayo ni makadirio ya ofisini, na yalifanywa kabla ya Goma kutekwa. Hata hivyo yanaonyesha wazi nani atafikiwa kwanza.

Anayeshitaki ni nani

Jambo la kwanza ambalo mdaiwa anapaswa kulitazama katika wito ni jina la mdai, kabla hata ya kiasi cha fedha.

Benki yenye rehani juu ya nyumba kwa kawaida haina haja ya kufungua kesi ya deni. Chini ya sheria ya rehani ya Rwanda ya mwaka 2009 na marekebisho yake, mkopo usipolipwa benki huenda kwa Msajili Mkuu katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, na mali iliyowekwa rehani huuzwa kwa mnada, ambao Wanyarwanda huuita cyamunara, bila kesi ya kawaida mahakamani. Mamlaka ya Mapato nayo ina njia zake za kuzuia fedha zilizoko benki ili kukusanya kodi iliyochelewa.

Anayekwenda mahakamani basi ni yule asiye na dhamana ya kutosha: muuzaji mkubwa wa Kigali aliyetoa unga na mafuta ya kula kwa mkopo, mwenye lori, mtu binafsi aliyekopesha, au chama cha akiba na mikopo ambacho dhamana yake haifikii deni. Kesi inafunguliwa katika Mahakama ya Biashara ya Musanze, ambayo eneo lake linafika Rubavu, yapata kilomita 60 kutoka Gisenyi. Mahakama hizi za biashara zilianza kazi mwaka 2008, na lengo lake lilikuwa hasa kuharakisha mashauri ya namna hii.

Mdai asiye na dhamana ana sababu ya kukimbia. Anajua kwamba mdaiwa wake akiingia katika ufilisi, yeye atapanga foleni nyuma ya wenye rehani na wale ambao sheria inawatanguliza. Anajua pia kwamba foleni hiyo hulipa kidogo: ripoti ile ile ya 2020 ilikadiria kwamba katika ufilisi nchini Rwanda wadai hurudishiwa chini ya senti 20 kwa kila dola. Kwa hiyo kesi yake ni mbio za kufika kwenye mali kabla ya wenzake.

Mfano wa kufikirika unasaidia kuona hesabu yenyewe. Muuzaji wa jumla ana bidhaa za faranga milioni 9 ghalani. Nyumba yake iko rehani benki. Wadai wasio na dhamana wanamdai jumla ya milioni 30: milioni 18 kwa muuzaji wa Kigali, milioni 6 kwa chama cha mikopo, milioni 4 kwa mwenye malori na milioni 2 kwa watu mbalimbali. Goma kuna wateja wanaopaswa kumlipa kiasi kinachokaribia milioni 31, baadhi kwa maandishi, wengine kwa neno tu.

Muuzaji wa Kigali akipata hukumu peke yake na kukamata ghala, anaondoka na milioni 9, nusu ya anachodai. Wengine wote wanabaki mikono mitupu. Mali ile ile ikigawanywa kwa pamoja, kabla ya kutoa gharama, kila mmoja anapata senti 30 kwa kila faranga, na muuzaji wa Kigali anapata milioni 5.4. Tofauti ya milioni 3.6 ndiyo inayomfanya amlipe wakili.

Lakini anayepoteza zaidi katika hali ya kwanza ni mdaiwa mwenyewe. Ghala likishakuwa tupu, hana tena biashara ya kuokoa. Bidhaa zile ndizo zingeuzwa, fedha zikazungushwa, na wateja wa Goma wakaendelea kumhitaji kiasi cha kumlipa madeni ya zamani ili wapewe mzigo mpya. Muuzaji asiye na mzigo hadai mtu akalipwa. Hilo kila mtu wa mpakani analijua.

Kutokwenda mahakamani

Mdaiwa aliyepata wito kihalali asipotokea, mdai anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja. Sheria inaruhusu hukumu kama hiyo ipingwe, lakini muda ni mfupi na sababu lazima ziwe za msingi. "Nilikuwa najiandaa kuomba ufilisi" si sababu itakayomgusa jaji.

Hukumu ikishakuwa ya mwisho na kupigwa muhuri wa utekelezaji, maarufu kama kashe mpuruza, hukabidhiwa ofisa wa kutekeleza hukumu, umuhesha w'inkiko. Kuanzia hapo mambo huenda kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia: akaunti inazuiwa, ghala linaorodheshwa, tangazo la mnada linatoka. Minada hii siku hizi inafanyika kwa njia ya intaneti, na mnunuzi anaweza kuwa Kigali au Huye.

Tena mdai hana lazima ya kusubiri hukumu. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya mwaka 2018 inampa nafasi ya kuomba mali izuiwe mapema pale panapokuwa na hofu kuwa itatoweka. Katika mji ambao lori linaweza kuwa nchi nyingine kabla chai haijapoa, hofu hiyo si ngumu kuieleza mbele ya jaji.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Katika kesi isiyopingwa, kiasi anachotaja mdai ndicho kitakachoingia kwenye hukumu, pamoja na riba ya kuchelewa, faini ya mkataba, ada za wakili na gharama za kesi. Huenda sehemu ya mzigo ilifika ikiwa imeharibika. Huenda awamu mbili zilishalipwa kwa simu na hazikuandikwa. Yote hayo yanapita bila kusemwa. Ufilisi ukifunguliwa baadaye, mdai anakuja na hukumu mkononi, na namba iliyo ndani yake ni ngumu kuipunguza.

Namba hiyo ina uzito wa aina mbili. Inampa sehemu kubwa zaidi ya mgawo, na inampa sauti kubwa zaidi wadai wanapokutana kuamua kama mpango wa kuinusuru biashara ukubaliwe au ukataliwe. Mdaiwa aliyeona kesi ya milioni 18 haimhusu anaweza kumkuta mdai huyo mkutanoni akiwa na milioni 24 na hasira.

Kwenda mahakamani hakumaanishi kukataa deni. Mdaiwa anaweza kukiri kile kilicho kweli, akapinga riba au mzigo usiofika, na akatoa kumbukumbu za malipo aliyofanya kwa simu, ambazo kampuni za simu huwa nazo. Anaweza kuomba suluhu. Hapo tahadhari inahitajika: makubaliano yaliyoandikishwa mahakamani hutekelezwa kama hukumu. Mtu anayeahidi milioni 2 kila mwezi ili tu apate nafuu ya siku hiyo, huku akijua hana hata laki tano, amejitengenezea hukumu kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, kila wilaya ya Rwanda ina ofisi ya msaada wa sheria, MAJ, na Rubavu imo. Mtu anayefika hapo na wito aliopokea wiki hii ana mengi ya kufanya. Anayefika na tangazo la mnada ana machache.

Ulinzi unaanza lini

Rwanda imebadilisha sheria yake ya ufilisi mara kadhaa kwa muda mfupi. Sheria ya Mei 2009 ilifuatwa na ya Aprili 2018, na hiyo nayo ikafutwa na Sheria Namba 075/2021 ya Desemba 6, 2021. Msimamizi mkuu wa eneo hili ni Msajili Mkuu katika RDB, na maombi yanakwenda katika mahakama ya biashara. Mdaiwa mwenyewe anaweza kuomba, na mdai pia anaweza.

Njia ni mbili kubwa. Moja ni kuirekebisha biashara kwa mpango unaokubaliwa na wadai na kuthibitishwa na mahakama. Nyingine ni kuuza kila kitu na kugawana. Utaratibu unapofunguliwa, mbio za mdai mmoja mmoja husimamishwa ili wote waingie katika hesabu moja. Huo ndio ulinzi ambao wafanyabiashara husikia habari zake, na habari hizo ni za kweli.

Kinachosahaulika ni kwamba ulinzi huo unatokana na uamuzi wa mahakama. Nia ya kuomba hailindi chochote, na wala barua ya wakili kwa mdai hailindi. Kama mnada umepangwa Alhamisi na karatasi za ombi bado zinatafutwa, mnada utafanyika Alhamisi. Na mahakama inayosikiliza kesi ya deni haitajua yenyewe kwamba kuna ombi la ufilisi. Ni lazima iambiwe, kwa maandishi, na iombwe kusimamisha shauri.

Karatasi zenyewe ndizo huchukua muda. Inahitajika orodha ya wadai wote na viwango vyao, orodha ya mali, hesabu za biashara, na maelezo ya kwa nini hali imefikia hapo. Kwa kampuni iliyosajiliwa yenye mhasibu, ni kazi ya siku kadhaa. Kwa mwenye duka ambaye hesabu zake ziko kwenye daftari mbili na ujumbe wa simu, ni kazi ya wiki nyingi. Ndiyo maana kesi ya deni inapaswa kujibiwa hata na mtu aliyekwisha kuamua kufilisika: kila tarehe anayopewa na mahakama kwa haki ni muda wa kukusanya karatasi hizo.

Yanayofanywa gizani

Mtu anayejua kwamba mambo yanaelekea ukingoni hupata mawazo mengi usiku. Amlipe kwanza shemeji aliyemkopesha bila riba. Ahamishe pikipiki ya mizigo kwa jina la mtoto wa kaka yake. Avushe nusu ya mzigo kwenda kwa rafiki Birere, Goma, hadi mambo yatulie.

Kibinadamu yanaeleweka. Shemeji alikopesha kwa wema, muuzaji wa Kigali alikopesha kwa faida. Lakini sheria za ufilisi, za Rwanda na za majirani zake, hazipimi wema. Malipo yaliyompendelea mdai mmoja na mali iliyotolewa kwa bei ya kutupa muda mfupi kabla ya ufilisi vinaweza kubatilishwa, na shemeji akatakiwa kurudisha fedha alizokwisha kuzitumia. Nchini Kenya, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inarudi nyuma miezi sita kwa upendeleo wa kawaida, na miaka miwili pale aliyependelewa anapokuwa mtu wa karibu wa kampuni. Katika nchi za OHADA, ambazo Kongo ilijiunga nazo Septemba 2012, kipindi hicho cha mashaka kinaweza kufika miezi 18 kabla ya hukumu ya kufungua ufilisi.

Na kwa Gisenyi kuficha kumekuwa kugumu kuliko zamani. Tangu 2013 Rwanda imekuwa ikisambaza mashine za risiti zilizounganishwa na Mamlaka ya Mapato, na mzigo unaopita rasmi mpakani huacha kumbukumbu katika kompyuta za forodha. Msimamizi wa ufilisi anayetaka kujua kwa nini mzigo wa milioni 9 umekuwa milioni 4 katika wiki mbili ana mahali pa kuuliza. Ule uliopita kwa njia za panya hauna kumbukumbu, ni kweli, lakini hapo mfanyabiashara ameongeza kosa la magendo juu ya tatizo la deni.

Hundi ni mtego wa pekee. Wauzaji wengine hudai hundi ya tarehe ya mbele kama dhamana. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Rwanda ni mwanachama wake tangu 1975, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Lakini hundi isiyo na fedha ni jambo jingine: sheria ya makosa ya jinai ya Rwanda ya mwaka 2018 iliitaja kuwa kosa. Mtu anayeandika hundi mpya ili kumtuliza mdai wakati ombi la ufilisi liko mezani kwa wakili wake anatoka kwenye kesi ya fedha na kujiingiza katika kesi ya uhuru wake.

Nyumba, mke, mdhamini

Ufilisi hausafishi kila kitu. Benki yenye rehani inabaki na haki yake juu ya nyumba. Wenye kampuni ndogo hushangaa hapa, kwa sababu walisajili kampuni yenye ukomo wa dhima wakiamini kwamba mali binafsi iko salama. Iko salama, hadi pale benki inapomtaka mkurugenzi atie saini kama mdhamini binafsi, na aghalabu benki hutaka hivyo.

Wanandoa waliofunga ndoa kwa mali ya pamoja wanaingia wote wawili. Saini ya mke katika karatasi za rehani, ambayo wakati wa kuchukua mkopo ilionekana ni utaratibu wa ofisini tu, ndiyo inayofungua mlango wa nyumba. Mdhamini naye, awe ndugu au mwenzake wa kikundi, anaweza kudaiwa huku mdaiwa mkuu akiwa ndani ya ulinzi wa mahakama. Mdaiwa mwenye busara humwambia mdhamini wake mapema. Wengi hawafanyi hivyo, kwa aibu, na mdhamini hupata habari kutoka kwa ofisa wa kutekeleza hukumu.

Mali iliyoko ng'ambo

Sehemu ngumu kuliko zote ni zile milioni 31 za Goma. Katika karatasi ni mali. Zinapaswa kuandikwa kwenye orodha, kwa majina na viwango, hata kama mdaiwa anaona hazitalipwa. Kutoziandika ni kuficha mali. Kuziandika zote kana kwamba ni fedha taslimu ni kuwadanganya wadai.

Kuzikusanya ni suala jingine. Sheria ya Kongo kupitia OHADA ina njia ya haraka ya amri ya kulipa, na sheria ya OHADA ya ufilisi iliyorekebishwa Septemba 2015 inakubali ushirikiano na ufilisi uliofunguliwa nchi za nje. Mfanyabiashara wa Goma aliyesimamisha malipo anatakiwa na sheria hiyo kujitangaza mahakamani ndani ya siku 30. Lakini baada ya Januari 2025 mahakama za serikali ya Kinshasa mjini Goma zilisimama, na uamuzi unaotolewa chini ya utawala wa waasi una hatari ya kutotambuliwa siku serikali itakaporudi. Sheria nzuri isiyo na mahakama haimsaidii mtu anayedai dola 3,000 za mafuta ya kula.

Usuluhishi wa kibiashara ungesaidia kwa mikataba mikubwa. Rwanda ilijiunga na Mkataba wa New York mwaka 2008, Kongo mwaka 2014, na Kigali ina kituo cha kimataifa cha usuluhishi tangu 2012. Lakini hakuna atakayelipia wasuluhishi kwa ajili ya magunia 40 ya unga.

Kwa hiyo thamani ya deni la Goma inategemea zaidi uhusiano kuliko hati. Hilo ndilo linaloipa nguvu hoja ya mpango wa kurekebisha biashara badala ya kuuza na kugawana. Msimamizi kutoka Kigali asiyemjua mtu Birere atakusanya kidogo sana. Mwenye biashara, akiwa bado na mzigo na bado anavuka, anaweza kukusanya kiasi cha maana. Wadai wa Kigali wanaoelezwa hivyo kwa namba, mbele ya jaji, wana sababu ya kusikiliza. Wanaoelezwa hivyo baada ya miezi mitatu ya simu kutopokelewa hawana.

Majirani wameonyesha

Afrika Mashariki imeona mbio hizi kwa kiwango kikubwa. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya iliyoingia Kigali mwaka 2008, ilitumia mwaka 2017 ikishambuliwa na wenye majengo na wauzaji waliokuwa wakidai kila mmoja kivyake. Mahakama iliiweka chini ya msimamizi Januari 2018, wakati huo maduka mengi yakiwa yamefungwa na madeni yakizidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Matawi sita yaliyobaki yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe. Kama ombi lingekuja mwaka mmoja mapema, haijulikani lingeiokoa, lakini msimamizi angekuta rafu zenye bidhaa.

Uchumi ilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania Oktoba 2015, na wauzaji wa Kampala wakabaki na ankara mkononi, mdaiwa wao akiwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda iliingia 2007 na Kongo 2022, ina soko la pamoja, lakini hakuna mahakama moja ya ufilisi. Kila mdai hufuata mdaiwa katika nchi yake.

Hilo linamhusu pia mdai wa Goma aliyemkopesha mfanyabiashara wa Gisenyi. Ufilisi ukifunguliwa Rwanda, wadai hutangaziwa na kupewa muda wa kuwasilisha madai yao, na tangazo hilo huenda lisimfikie aliye ng'ambo. Anayesikia sokoni kwamba mdaiwa wake "ameanguka" na akasubiri amwone ana kwa ana anaweza kukuta orodha ya wadai imeshafungwa. Anachohitaji ni kuvuka na hati zake, dai likiwa kwa maandishi na viwango kwa sarafu iliyokubaliwa, akamtafute msimamizi aliyeteuliwa.